Nukta ya Jumatano

Ukimwuliza Jotham Wabwile ni nini kilichomkereketa kooni mwaka ule wa 1936, angekuambia ni dawa za picha. Uongo mtupu. Ulikuwa wivu, na wivu wenyewe ulikuwa na jina: Kemboi.

Jotham alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye shamba la Bwana Harcombe, maili nne nje ya Kitale, upande unaotazamana na Mlima Elgon. Mzungu huyo zamani alikuwa mpimaji wa ardhi. Alipostaafu alipanda mahindi kama majirani zake, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, chenye paa la kusukumwa juu ya reli na darubini ya kupigia picha ndani yake. Wafanyakazi walimwita Bwana Nyota, na hakukasirika.

Kazi ya kibanda hicho ilikuwa ya Jotham. Anga likiwa safi, yeye ndiye aliyetia kioo cha picha ndani ya darubini, akakaa saa nzima akizungusha skrubu polepole ili nyota zisitoroke. Yeye ndiye aliyekipeleka kioo kwenye chumba cha giza, akakiogesha kwa dawa, akakisuuza na kukianika. Kioo kikikauka unaona mbingu yote juu yake, ila imegeuzwa: anga jeupe na nyota nyeusi, tele kama punje za wimbi zilizomwagika kwenye mkeka. Hakuna aliyeweza kutoa kioo safi kama Jotham. Bwana alilisema hilo mbele ya wageni, na wageni wakimtazama Jotham alikuwa akitazama viatu vyake, kumbe anafurahi mpaka masikio yanamchoma.

Walikuwa wanatafuta jiwe. Bwana alimweleza kwamba kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mkanda wa mawe yanayolizunguka jua, mengine makubwa kama wilaya, mengine kama kilima tu. Kwenye picha jiwe la aina hiyo halina tofauti na nyota yoyote. Lakini nyota haihami, na jiwe linahama. Ukipiga picha sehemu ile ile Jumatatu na tena Jumatano, nukta iliyosogea ndiyo sayari ndogo, na kama haimo kwenye orodha za wataalamu wa Ulaya, basi ni yako. Unawaandikia, wanahakikisha, halafu unachagua jina lake.

"Mimi hapana taka jina yangu," Bwana alisema siku moja, akiwa na chai mkononi. "Mimi mzee. Tukipata, tunaweka jina ya mtu ya hii shamba. Ile mtu ametupatia."

Neno lile liliingia ndani ya Jotham likakaa. Na msimcheke. Kwao Kamukuywa mtu akizaa huitwa baba wa fulani, na yeye hakuwa baba wa mtu. Yeye na mkewe Edah walikuwa wamezika watoto wawili, wote wachanga, na baada ya hapo hawakupata mwingine. Baba yake, mzee Wabwile, alikufa akiwa na mtoto mmoja tu wa kiume, naye ndiye huyu. Jina la mzee lilitakiwa lipewe mjukuu, na mjukuu hakuwepo. Watu wa rika lake walikuwa wanaitana baba huyu na baba yule sokoni, na wakifika kwake wanasema tu, "Jotham, habari." Basi alikuwa amejiambia kwamba kama jina la Wabwile halina mtoto wa kulibeba hapa chini, litabebwa na jiwe huko juu. Kila alipokuwa akizungusha ile skrubu alikuwa analitafutia jina la baba yake mahali pa kukaa.

Kisha akaja Kemboi.

Kemboi alitoka Kapsokwony, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, akaandikwa kuchunga ng'ombe. Siku moja alimwonyesha Bwana mtamba aliyepotea, akiwa ng'ambo ya bonde, mahali ambapo wengine waliona majani tu. Bwana akamwita kibandani. Kulikuwa na mashine mpya humo, imetoka Ulaya ndani ya sanduku la nyasi kavu: unaweka vioo viwili sambamba, unachungulia kwenye tundu moja, unasukuma kipini, unaona kioo cha kwanza, unasukuma tena, unaona cha pili. Nyota zinatulia. Kilichohama kinaruka.

Bwana aliwapima wote wawili kwa vioo vya zamani vyenye sayari ndogo inayojulikana. Kemboi aliiona kabla hajakaa vizuri kitini. Jotham alichungulia hadi machozi yakamtoka, akaonyesha nyota isiyo na hatia. Dawa za picha zilikuwa zimemla macho, miaka tisa si mchezo, na hakuna aliyemlaumu. Lakini kiti cha mashine alipewa mchungaji.

Kuanzia hapo Jotham hakuwa na raha. Kemboi akicheka, alisikia anachekwa yeye. Kemboi akinyamaza, aliona ni maringo. Mke wa Kemboi, Cheptoo, alipoleta mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, na kumkaribisha, Jotham alisema tumbo linamsumbua, kisha akaenda nyuma ya ghala kulia njaa na hasira. Alipokwenda likizo nyumbani alimwambia Edah kuhusu mtu huyo kuanzia sebuleni hadi jikoni.

"Sasa yeye amekukosea nini?" Edah aliuliza.

"Anakaa kwa kiti yangu."

"Si ulisema wewe huoni na hiyo mashine?"

"Edah, wewe ni wangu ama ni wa Kemboi?"

Edah alirudi kwenye ugali wake. Kuna mambo ambayo mke akiyajibu anaharibu chakula.

Mwezi wa Machi, siku chache kabla ya mvua, Jotham alipiga picha mbili za sehemu moja ya anga, Jumatatu na Jumatano. Alhamisi asubuhi vioo vilikuwa vimekauka. Alikuwa akipanga chupa zake aliposikia kiti kinaanguka.

"Bwana! Hii inaruka!"

Bwana Harcombe alitoka nyumbani akiwa na sabuni ya kunyolea shavuni. Alichungulia, akasukuma kipini, akasukuma tena. Alifungua orodha zake, akapitisha kidole kwenye kurasa, akafunga. Haikuwemo. Mzee yule wa miaka sitini na kitu alimshika Kemboi mabega akamzungusha kama watu walio harusini.

"Jotham! Kuja! Tasama!"

Jotham alitazama. Safari hii aliiona, maana Kemboi alimwekea kalamu mahali penyewe. Nukta ndogo nyeusi, hapa. Kipini kikasukumwa, nukta ikawa pale. Hapa. Pale. Kitu alichokitafuta miaka tisa kilikuwa kinamrukia jichoni, na aliyekipata alikuwa amesimama nyuma yake ananuka ng'ombe. Alitamani afurahi. Alijaribu kweli. Kilichopanda kooni kilikuwa kichungu hivi kwamba alilazimika kukohoa.

"Mzee Jotham," Kemboi alisema, "tumepata bana!"

"Umepata," Jotham alisema.

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki kabla ya kuandika Ulaya: kupima mahali pa nukta zote mbili sawasawa, na chombo cha kupimia kilikuwa kwa fundi wa saa Bungoma, kikitengenezwa. Bwana hakutaka kungoja. Siku ile ile aliingia garini, akamchukua Kemboi aende naye kukipakata magotini njia nzima, kwa kuwa barabara ilikuwa mbovu na chombo ni chepesi kuharibika. "Jotham, wewe chunga vioo," alisema. Gari likaondoka, Kemboi amekaa mbele karibu na Bwana. Jotham alikiona kiti hicho cha mbele hadi vumbi likatulia.

Ijumaa nzima alikuwa peke yake na vioo. Alifagia. Alipanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa. Alifikiria barua itakayoandikwa: Kemboi. Jina la mtu mwenye watoto wanne, wavulana watatu kati yao, jina ambalo haliwezi kupotea hata likitupwa mtoni, ndilo linaloongezewa jiwe zima la mbinguni. Na Wabwile? Wabwile angebaki kwenye kaburi lake Kamukuywa na nyasi zake.

Hakuna aliyemshika mkono. Nalisema hili kwa sababu baadaye alipenda kujiambia kwamba hakujua anafanya nini. Alijua. Alikichukua kioo cha Jumatano, akakiloweka majini mpaka utando wa picha ukalainika kama ganda la maziwa. Akaweka lenzi. Akaitafuta nukta, na safari hii macho yake mabovu hayakumsumbua hata kidogo. Akaibandua kwa ukucha. Ilichukua muda mfupi kuliko kuua chawa. Kisha akakisuuza kioo, akakianika juani.

Bwana na Kemboi walirudi Jumamosi mchana, wamejaa vumbi, chombo kizima. Bwana aliweka kioo cha Jumatatu, akapima. Akaweka cha Jumatano. Akatafuta. Akavua miwani, akaifuta, akatafuta tena.

"Jotham. Iko wapi?"

"Niliona kioo iko na dawa imebaki, Bwana. Nikaosha tena. Hiyo doa ikatoka na maji. Nafikiri ilikuwa uchafu tu."

Kama kuna neno lililomtisha Bwana Harcombe duniani, ni hilo. Miaka mitatu nyuma aliwahi kupeleka simu ya maandishi Ulaya kutangaza sayari ndogo, nao wakamjibu kwa upole kwamba amegundua vumbi. Jibu lile alilificha kwenye droo na kila mwaka mpya alilisoma. Na mtu aliyemwambia habari ya uchafu sasa alikuwa Jotham, ambaye katika miaka tisa hakuwahi kusema uongo kuhusu kioo hata kimoja. Bwana hakuuliza swali la pili. Nukta moja ya Jumatatu peke yake haikuwa kitu.

Kemboi alikiomba kioo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alikitazama muda mrefu. Halafu akamtazama Jotham, akakirudisha mezani.

Jioni hiyo mawingu yakafunika mlima, na mvua za mwaka ule hazikuwa za mchezo. Wiki sita hawakuona nyota. Paa liliposukumwa tena, sehemu ile ya anga ilikuwa imesogea, na kama kulikuwa na jiwe, lilikuwa limekwenda zake. Bwana alifunika mashine kwa turubai. Kemboi alirudishwa kwa ng'ombe. Wafanyakazi wakampa jina jipya, Macho ya Vumbi, na Jotham alilisikia mara nyingi bila kuwakataza.

Mngedhani sasa alilala usingizi mzuri. Hakulala. Mtu uliyemwonea wivu akianguka hubaki pale pale mbele yako, na Kemboi alibaki, akipita na ng'ombe asubuhi na jioni, akisema, "Shikamoo, Mzee Jotham," kwa sauti isiyo na chochote ndani. Jotham alimwonea wivu hata kwa hilo. Alitamani atukanwe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, posta ilileta jarida la wataalamu wa nyota. Bwana alilisoma kwenye baraza, akainuka ghafla, akajifungia na makaratasi yake siku mbili. Siku ya tatu alimwita Jotham. Kioo cha Jumatatu kilikuwa mezani, na uso wa mzee ulikuwa umekunjamana.

Mtaalamu mmoja wa huko kusini alikuwa amegundua sayari ndogo. Njia yake ilikuwa imeandikwa kwenye jarida. Bwana aliirudisha nyuma kwa hesabu, mwezi kwa mwezi, mpaka Machi ya mwaka uliopita, na hesabu ikaangukia juu ya nukta ya Jumatatu. Na Jumatano ikaangukia pale pale kulipokuwa na kijitundu cheupe.

"Ilikuwa yetu," Bwana alisema. "Maji yetu mbaya, Jotham. Maji ya kisima. Imekula picha."

Jotham alikitazama kile kijitundu.

Bwana alimsomea yote, taratibu, akitafsiri kwa Kiswahili chake cha shambani. Linalizunguka jua kwa miaka minne na miezi mitano. Mwanga wake unapanda na kushuka, kwa hiyo wanafikiri si duara, ni refu kama kiazi kitamu, nalo linajipindua mara moja kwa kila saa tisa. Halina hewa wala maji. Ni jeusi-jeusi, na ukubwa wake, kwa kukadiria, ni kama kutoka Kitale mpaka Kamukuywa.

Njia hiyo Jotham aliijua kwa miguu. Ilikuwa ya siku nzima, ukiondoka na umande na kufika wakati wa kuwasha moto. Jiwe lote lilikuwa refu kama safari yake ya kwenda nyumbani.

"Na jina?" aliuliza.

"Ameweka jina ya mtoto ya dada yake." Bwana alivuta droo, akapekua, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Mimi nasikitika sana juu yako, Jotham. Soma."

Ilikuwa barua kwa wataalamu wa Ulaya, imeandikwa Bungoma Ijumaa ile, kwa penseli, ikingoja tu vipimo vijazwe. Jotham alisoma Kiingereza polepole, kidole chini ya kila neno. Alifika kwenye mstari wa jina. Aliusoma mara ya pili. Kisha ya tatu. Palikuwa pameandikwa Wabwile.

"Mimi nilitaka kuandika Kemboi," Bwana alisema. "Yeye nakataa. Nakataa kabisa. Mpaka mimi naandika hii."

Jotham hakukumbuka alivyotoka. Kemboi alikuwa zizini anakamua, kichwa chake ubavuni mwa ng'ombe, maziwa yakipiga ndoo. Hakugeuka.

"Kwa nini uliandikisha jina ya baba yangu?"

"Bwana alikuonyesha?"

"Kwa nini, Kemboi?"

Kemboi aliendelea kukamua. "Huko kwetu mlimani tunaweka mizinga kwa miti. Mimi naweza pita nione nyuki imeingia mzinga yako. Si nitakuja nikuambie? Lakini asali si yangu. Ni ya yule alipanda mti akaweka mzinga. Hiyo kioo ni wewe uliweka. Mimi niliona nyuki tu." Alibadilisha chuchu. "Tena mimi niko na watoto. Wewe jina yenu inaisha. Watu wote hapa wanajua, hata kama hatusemi."

Jotham alishika mti wa zizi.

"Ile doa," alianza.

"Ni kucha," Kemboi alisema. "Nilijua siku ile ile. Maji haiwezi kata mstari kama mwezi mchanga. Nilikukasirikia, Mzee Jotham, wacha nikuambie ukweli. Nilikuwa nataka kukupiga. Halafu nikafikiri nikisema, Bwana atakufukuza, na Mama Edah huko nyumbani atakula nini? Nikanyamaza."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka na miezi mitano. Wakiniita Macho ya Vumbi."

Jotham alilia. Alilia wazi, mchana, mbele ya ng'ombe na mbele ya mtu aliyemchukia, na hakujali nani anapita. Alipomaliza aliuliza amlipe nini.

"Sitaki kitu. Enda tu umwambie Bwana ile doa haikuwa uchafu. Macho yangu haikudanganya."

"Anajua haikuwa uchafu. Anasema ni maji."

"Basi mwambie si maji."

Kutoka zizini mpaka nyumba ya Bwana ni hatua kama mia mbili. Jotham alizitembea akijua kwamba mwisho wake ni kupoteza kazi, na nyumba ya wafanyakazi, na lile neno zuri ambalo Bwana alikuwa akilisema mbele ya wageni. Nyuma yake alisikia maziwa yakianza tena kupiga ndoo, bila haraka, na wivu ukamshika upya, mkali kuliko ule wa kiti, mkali kuliko ule wa jiwe. Kemboi alikuwa anakamua ng'ombe wake na hakuwa na neno lolote la kwenda kumwambia mtu.

Alipanda ngazi za baraza. Bwana alikuwa bado ameinamia jarida.

"Hodi, Bwana," Jotham alisema. "Kisima haina makosa."